Msasa unafuta ushahidi: barua kuhusu bastola za kihistoria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na uniwie radhi mapema kwa urefu wa barua hii. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu bastola za vita nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kutoa ukurasa mzima kwa jambo ambalo nimelishughulikia kwa miaka 26. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Mara ya tatu niliisoma kwa huzuni, na huzuni hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani.

Yapo mambo mawili. La kwanza ni maelezo ya picha. Bastola imelazwa juu ya kitambaa, ubavu wake wa kushoto ukiielekea kamera, na chini yake mmeandika kwamba ni Luger ya jenerali wa Kijerumani na kwamba "ac 42" ni namba ya kikosi chake. La pili ni kile kisanduku cha ushauri pembeni mwa ukurasa, kinachomwambia mwenye bastola kuukuu aisugue kwa msasa laini mpaka kutu iishe, kisha aipake rangi nyeusi ili irudie sura yake ya zamani. Kosa la kwanza linasahihishika kwa mistari miwili. La pili, msomaji akilifuata, halisahihishiki kamwe. Nitaanza na hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kwa nini la pili limeniuma kiasi hiki.

Bastola iliyo pichani ni Walther P38. Tofauti yake na Luger haihitaji kioo cha kukuzia. Luger haina nyundo inayoonekana kwa nje. Nyuma ya mtutu wake, upande wa juu, kuna vipande vya chuma vilivyounganishwa mfano wa kiwiko cha mkono. Risasi ikilia, mtutu na kiwiko hicho hurudi nyuma pamoja kwa umbali mfupi sana, kisha kiwiko hukunjika kuelekea juu, ganda hutoka, na springi hukinyoosha tena kikisukuma risasi nyingine. Hugo Borchardt alikuwa ameutumia mtindo huo katika bastola yake ya 1893, iliyokuwa kubwa na ngumu kubeba. Georg Luger akaufinyanga upya ukaenea kiganjani. Jeshi la Uswisi liliichukua 1900, jeshi la majini la Ujerumani 1904, na jeshi la nchi kavu la Ujerumani 1908. Ndiyo maana jina lake la kijeshi ni P08.

Sasa itazameni tena picha yenu. Nyundo hii hapa nyuma, imesimama wazi. Juu kuna slaidi, yaani kile kipande kinachoteleza kurudi nyuma, na mbele mtutu umechomoza peke yake. Hiyo ndiyo P38, iliyopokelewa jeshini 1938 ili ichukue nafasi ya Luger, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuitengeneza kwa wingi. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo hata habari ya jenerali inahitaji ushahidi mwingine mbali na umri wa bastola. Bastola za aina hizi zilibebwa na masajenti, na wapiga bunduki za rashasha, na watu wengi ambao hawakuwahi kuwa na nyota mabegani.

"ac" nayo haihusiani na kikosi. Ujerumani iliviwekea viwanda vyake alama za siri ili adui akiokota silaha asijue imetoka wapi. Kiwanda cha Walther kilichokuwa Zella-Mehlis kilipewa kwanza 480, kisha tangu 1940 kikawa "ac". Kiwanda cha Mauser, mjini Oberndorf, kilikuwa "byf", na mwishoni mwa vita, 1945, kikawa "svw". Kiwanda cha Spreewerk kilikuwa "cyq". Tarakimu 42 ni mwaka: 1942. Mngeigeuza bastola ile mkatazama ubavu wa kulia wa slaidi, mngemkuta tai mdogo mwenye namba 359 chini yake. Huo ni mhuri wa wakaguzi wa jeshi waliokuwa katika kiwanda cha Walther.

Hapo hapo niongeze tahadhari moja, maana wanaoanza hujikwaa sana papo. Alama ya kiwanda haitaji aina ya silaha. "byf 42" unaweza kuikuta juu ya Luger, ukaikuta juu ya P38, na ukaikuta hata juu ya bunduki ndefu, kwa sababu Mauser walitengeneza zote tatu mwaka huo. Umbo ndilo linalotaja aina. Herufi zinataja mtengenezaji na wakati.

Mhariri, mimi si askari na sijawahi kuwa askari. Nilikuwa fundi wa kerezo kwa miaka 31, nikichonga shafti, nati na bushi, na kila kazi niliyoimaliza niliigonga mhuri wa namba kwa nyundo na tindo ya herufi. Nilizipenda bastola za zamani kupitia mihuri hiyo. Siku ya kwanza nilipoitazama moja chini ya taa, sikuona silaha. Niliona benchi la kazi, na mtu kama mimi amesimama mbele yake akiwa na tindo mkononi, herufi moja imeegemea upande kwa sababu alikuwa amechoka. Tangu hapo nimekuwa nikikusanya kwa kibali, kidogo kidogo, na nikisaidia kuandika kadi za silaha katika ghala la makumbusho moja. Bastola zangu mwenyewe ni nne tu, na zote hazifyatui tena.

Ya kwanza kati ya hizo nne niliiharibu mimi.

Ni P08, yaani Luger, iliyotengenezwa Erfurt, Ujerumani. Juu ya kiwiko chake kuna taji, na chini ya taji neno ERFURT. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, pamegongwa 1913. Ilinifikia ikiwa na kutu ya kahawia upande wa mbele wa mpini, pale vidole vinapozunguka. Niliyatazama madoa yale kwa jicho la fundi wa karakana: chuma chenye kutu ni chuma kisichotunzwa, na fundi haachi kutu. Nilichukua msasa namba 400, nikatia mafuta, nikasugua kwa utulivu jioni nzima. Chini ya kutu niliona mikwaruzo kama ya herufi. Nikaona tarakimu ya kwanza, na karibu yake nukta. Nikasema ni makovu tu. Nikaendelea mpaka chuma kikawa cheupe na laini kama kijiko.

Mwaka mmoja baadaye ndipo nilipojifunza kwamba hapo, upande wa mbele wa mpini, ndipo jeshi la Kaisari wa Ujerumani lilipogonga alama ya kikosi. Kanuni za jeshi hilo zilieleza namna ya kuziandika. Alama kama 84.R.8.27 inasomeka hivi: rejimenti ya 84 ya askari wa miguu, kombania ya 8, silaha namba 27. Mstari mmoja usiofika urefu wa kidole gumba, na unakupeleka mpaka kwenye kabati la silaha la kombania moja. Mstari wangu ulianza na 8. Nina hakika na hiyo 8, maana ndiyo niliyoiona kabla ya msasa kupita. Kilichofuata sikijui, na hakuna mtu duniani atakayekijua.

Mtaalamu mmoja alinieleza kwamba mhuri ukigongwa, chuma kilicho chini ya herufi hubanwa, na kwamba wachunguzi hutumia asidi kuifufua namba iliyosuguliwa kwa sababu chuma kilichobanwa huliwa na asidi tofauti na kile kilichokizunguka. Nilipata matumaini kwa dakika chache. Akaniuliza nilisugua kwa muda gani. Nilipomwambia jioni nzima, alikaa kimya, kisha akanirudishia bastola yangu mkononi.

Ndiyo maana, Mhariri, kile kisanduku chenu kilinitia huzuni. Sitaki mtu mwingine akae na jioni kama ile.

Naomba nieleze msasa unachofanya, kwa lugha ya karakana. Mhuri wa kugonga hauondoi chuma, unakisukuma. Kwa hiyo ukingo wa kila herufi huinuka kidogo sana, kiasi kwamba ukipitisha ukucha juu yake unausikia. Ndani, herufi inashuka kwa mteremko. Alama iliyochongwa kwa mashine ni tofauti: chuma kimeondolewa, chini ni tambarare, na ukingo haukuinuka popote. Mkusanyaji anayetaka kujua kama alama ni ya kiwandani au ya mghushi wa juzi huutafuta ukingo huo ulioinuka. Na ukingo huo ndio kitu cha kwanza msasa unachokutana nacho. Ukisugua mara tatu, alama ya kweli inaanza kufanana na ya kughushi. Ukisugua mara thelathini, imekwenda.

Rangi nayo ni ushahidi. Mmeandika kwamba rangi nyeusi itairudishia bastola sura yake ya zamani. P08 zilizotengenezwa kabla ya 1937 hazikuwa na rangi moja. Mwili wake ulitiwa rangi ya bluu iliyokoza kwa njia ya kutu iliyodhibitiwa, tabaka juu ya tabaka. Lakini vipande vidogo, kama triga na wenzo wa usalama, viliachwa na rangi ya majani makavu. Kila aliyewahi kupasha chuma moto anaifahamu rangi hiyo. Chuma cha pua kikipata moto taratibu, kwanza hugeuka manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha bluu. Fundi wa Erfurt au wa Berlin alikiondoa kipande motoni kilipofika kwenye manjano, akakiacha hivyo. Baada ya 1937 Mauser walibadili njia, wakawa wanachovya vyote, na ile manjano ikatoweka. Kwa hiyo ukiona triga ya manjano umeshapata fununu ya umri kabla hujasoma hata herufi moja. Ukiipaka nyeusi umeifunga mdomo.

Wakaguzi nao waliacha kitu kingine kinachonifurahisha hadi leo. Baadhi ya mihuri yao iligongwa baada ya chuma kutiwa rangi, na kwa kuwa pigo linakisukuma chuma, rangi iliyozunguka herufi hupauka kidogo. Ukiielekeza bastola kwenye mwanga wa dirishani, utaona mwangaza hafifu umeizunguka herufi mfano wa mwezi wenye mawingu. Mwangaza ule ni vigumu sana kuughushi. Na haustahimili msasa wala rangi ya kopo.

Nimesema kwamba namba na alama ni ushahidi, na nisingependa ionekane ni mazungumzo ya watu wachache wanaopenda chuma. Bastola ambayo Gavrilo Princip alimuulia mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo, 28 Juni 1914, ilikuwa ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, mtindo wa 1910, ya risasi ya milimita 9 fupi, namba 19074. Kwa muda mrefu watu waliandika kwamba ilikuwa Browning ya 1900, ambayo ni bastola nyingine kabisa kwa umbo na kwa risasi. Leo ipo katika makumbusho ya historia ya kijeshi mjini Vienna, baada ya Wajesuiti, mapadri wa Kikatoliki waliokuwa wakiitunza, kuikabidhi 2004. Fikirieni kama mmoja wa waliopitiwa na bastola ile mikononi kwa miaka yote hiyo angekuwa mtu nadhifu mwenye msasa. Tungekuwa na bastola moja kati ya nyingi zinazofanana, na hadithi isiyo na mahali pa kushika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bastola limeandikwa juu ya mwili wake.

Na daftari hilo halisomeki kwa kalenda moja. Hapa ndipo penye utamu kwangu, na wasomaji wako wakinivumilia nitawaonyesha. Chukueni bastola ya Kijapani, Nambu ya aina ya 14. Nyuma yake, ubavu wa kulia, utakuta herufi ya Kijapani na kisha tarakimu, tuseme 18.6. Anayeanza hudhani ni 1918. Sivyo. Huo ni mwaka wa 18 wa utawala wa Showa, mwezi wa sita. Ongeza 1925 juu ya 18, unapata 1943, mwezi Juni. Na ile "14" ya jina lake ni ya mfalme mwingine, mwaka wa 14 wa Taisho, yaani 1925. Aina iliyofuata inaitwa ya 94, na hapo kalenda imebadilika tena: ni 2594 kwa hesabu ya Kijapani inayoanzia kuanzishwa kwa ufalme wao, sawa na 1934 kwetu. Kwa hiyo 94 ni changa kuliko 14, na si kwa miaka 80 bali kwa miaka 9.

Beretta ya 1934 ya Italia inabeba miaka miwili ubavuni mwake. Kadi niliyoiandika mwezi uliopita ghalani inasomeka 1941 kisha XIX. Hizo namba za Kirumi ni mwaka wa 19 wa utawala wa Wafashisti, uliohesabiwa tangu Oktoba 1922. Miaka hiyo miwili lazima ipatane. Isipopatana, iweke bastola chini na uanze upya kuitazama kwa shaka. Nyuma ya kiunzi, yaani mwili mkuu wa bastola, kuna RE, maana yake jeshi la nchi kavu la mfalme. RM ni la majini, RA ni la anga. Nayo bastola ya Kifaransa ya enzi za Napoleon inaitwa ya mwaka wa XIII, kwa kalenda ya mapinduzi, ambayo ni 1804 hadi 1805. Dola tatu, kalenda nne, na kila moja imeziacha tarakimu zake kwenye chuma kana kwamba itadumu milele.

Wajerumani wenyewe wana mtego wao. Kuna P08 zenye miaka miwili juu ya chemba, 1917 na 1920 kwa mfano. Mtu huuliza ipi ni ya kweli. Ya 1917 ni ya kuzaliwa. Ya 1920 iligongwa baada ya vita, jeshi lilipopunguzwa hadi watu 100,000 kwa Mkataba wa Versailles, ili kuonyesha kwamba silaha hiyo ni mali halali ya dola wakati silaha nyingi zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu. Mhuri wa pili unasimulia nchi iliyoshindwa ikijaribu kuhesabu ilichobaki nacho.

Sasa niseme juu ya waghushi, kwa kuwa msasa ni chombo chao pia. Mwaka 1941 kampuni ya Singer, hao hao wa cherehani, walitengeneza bastola 500 za M1911A1 kwa ajili ya jeshi la Marekani, namba S800001 hadi S800500. Baada ya hapo hawakuendelea na bastola. Remington Rand, waliokuwa watu wa mashine za kuandikia, walitengeneza mamia ya maelfu ya bastola hiyo hiyo. Mtu mwenye tamaa huchukua slaidi ya Remington Rand, akafuta jina, akagonga la Singer. Jicho la kawaida halitaona kitu. Lakini kuna niliyoletewa nitoe maoni, nikaipima slaidi kwa kalipa, kile kipimo cha unene, sehemu sita, mbele hadi nyuma. Katikati, pale penye maandishi, ilikuwa nyembamba. Nikaweka rula ya chuma juu yake nikaielekeza kwenye taa, na mwanga ukapita chini ya rula mfano wa mtaro. Chuma kilikuwa kimeliwa. Ncha za slaidi, ambazo kiwandani zilikuwa kali, zilikuwa zimeviringika. Aliyeileta alikuwa ameilipia fedha za miaka mingi ya akiba. Nilimwambia ukweli, kwa upole niwezavyo, na hakuongea nami tena kwa muda mrefu.

Vipande visivyolingana namba si aibu, na hili ningependa wasomaji walisikie. Katika P08 ya jeshi, namba nzima imegongwa kwenye kiunzi, na tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo vingi. Niliwahi kufungua moja ambayo kila kipande kilikuwa 64, isipokuwa kifuniko cha ubavuni kilichokuwa 29. Pengine askari wawili walisafisha bastola zao kwenye meza moja. Pengine karakana ya jeshi iliitengeneza kwa kipande kilichokuwepo. Niliandika 29 kwenye kadi, nikaacha. Wapo wauzaji ambao wangekifuta kile 29 wakagonga 64 ili wapandishe bei, na kwao hilo ni ukarabati. Kwangu ni kumwekea marehemu maneno mdomoni.

Kuhusu utunzaji, niseme kwa ufupi yale ambayo kisanduku chenu kingeweza kusema. Vaa glavu za pamba, maana jasho la mkono lina chumvi. Tia tone la mafuta mepesi penye kutu, liache siku kadhaa, ufute kwa kitambaa laini, urudie. Kutu inayotoka kwa kitambaa itoke, isiyotoka ibaki. Usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi, hata kama mkoba huo ni wa asili na unapendeza, kwa kuwa ngozi hushika unyevunyevu na ina dawa za kutengenezea ngozi zinazokula chuma. Viweke jirani, kila kimoja peke yake.

Na usalama, ambao makala yenu haikuugusa kabisa. Bastola ya miaka mia bado ni bastola. Aliyeikuta ndani ya sanduku la babu au darini asiiguse kabisa, awaite polisi waje waikague. Aliye na kibali na mafunzo, kila anapoishika aondoe kwanza magazini, kile kisanduku cha risasi, kisha afungue chemba, atazame kwa jicho na kupapasa kwa kidole, kwa sababu magazini ikitoka, risasi moja huweza kubaki chemba. Luger ina neno GELADEN kwenye kipande cha kutolea maganda, linaloinuka na kuonekana risasi ikiwa ndani, maana yake "ina risasi". Ni ubunifu mzuri, lakini usikabidhi maisha yako kwa neno lenye umri wa karne. Sheria nazo hutofautiana. Marekani, kwa sheria ya 1968, silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale. Kwingineko mpaka huo hauko hivyo, na kumiliki bila kibali ni kosa hata kama bastola imekufa kwa kutu. Ulizeni kwanza, kusanyeni baadaye.

Ninaunga mkono kwa moyo wote silaha zisizo na wenyewe zikusanywe na ziyeyushwe. Ombi langu kwa wanaozipokea ni dogo sana: kabla ya tanuri, piga picha nne. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, juu ya chemba, na mbele ya mpini. Zipelekeni makumbusho. Chuma kiende, maandishi yabaki. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Kwako, Mhariri, naomba mambo mawili. Sahihisha maelezo ya picha: Walther P38, Zella-Mehlis, 1942. Na ukifute kile kisanduku waziwazi, katika ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla wasomaji hawajaingia dukani kutafuta msasa.

Na kama mwenye bastola ya pichani anaisoma barua hii, nina swali kwake. Namba iliyo ubavuni naiona tarakimu zake nne, lakini baada yake huenda pana herufi ndogo, na pale pamezama kwenye kivuli cha taa. Kiwandani walihesabu hadi 10,000, wakaanza tena kwa kuongeza "a", kisha "b", na kuendelea, na kila mwaka mpya wakaanza upya. Bila ile herufi, namba hiyo inaweza kuwa ya bastola kadhaa za mwaka ule ule. Naomba aitazame kwa mwanga wa dirishani, asiifute vumbi kwa kitu chochote kigumu, na anijulishe kupitia dawati lako.

Wako,
Fundi mstaafu wa kerezo, msomaji wako wa miaka mingi